Msitu wa Sikonge na wenye mizinga

Ukitoka Tabora kuelekea kusini, unaingia Sikonge, wilaya ya misitu ya miombo. Kwa vizazi vingi Wanyamwezi, na Wakimbu upande wa kusini, wamerina asali humo, na tangu enzi za Wajerumani nta ya Tabora ilikuwa zao la kuuzwa nje. Mrina asali huweka kambi porini kwa siku nyingi, anapanda mti na moshi mkononi, anakata masega na kuacha mengine ili kundi la nyuki lisihame. Maua ya mtundu na muba ndiyo malisho ya nyuki wake, kwa hiyo mti uliosimama una thamani kwake mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana nasema shirika la mazingira likitaka kuilinda ardhi hii, lianze na haki ya mtu huyu juu ya msitu. Mafunzo na mabango yaje baadaye.

Historia inatupa sababu. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa magharibi mwa Tanganyika kwa ajili ya malale na kuwakusanya mahali pamoja. Sehemu za mapori waliyoyaacha zikageuka hifadhi, na waliorudi kurina wakahitaji kibali. Sera ya wanyamapori ya 1998 ilifungua mlango tofauti: vijiji vinatenga ardhi yao, vinaunda jumuiya, kisha vinapewa mamlaka ya kuisimamia na kunufaika na utalii na uwindaji. Huko Ipole, wilayani Sikonge, jumuiya ya JUHIWAI ilipita njia hiyo kwa msaada wa shirika la Africare, lililokuwa na mradi wa uhifadhi kuzunguka pori la akiba la Ugalla. Ushirikiano wa namna hii hujengwa kwa kazi zisizoonekana kwenye picha: kupima mipaka, kuandika sheria ndogo, kuwafundisha askari wa wanyamapori wa vijiji. Shirika huondoka mradi ukiisha, mpaka uliosajiliwa unabaki.

Wapo wanaosema wenyeji wenyewe ndio wanaomaliza msitu, na hoja yao ina uzito. Mzinga wa magome hutengenezwa kwa kumenya mti hadi ufe, na tumbaku ya mvuke hukaushwa ndani ya mabani kwa kuni nyingi za msituni. Lakini tazama nani anamlipa mkulima. Tumbaku ina pembejeo za mkopo, ina chama cha msingi, ina mnunuzi anayejulikana kabla ya msimu. Asali ikikosa hayo, mtu mwenye watoto wa kusomesha atafungua shamba jipya, naye hastahili kulaumiwa peke yake. Hapa wadau wa mazingira wana kazi kubwa kuliko kuhimiza mizinga ya mbao: kumtafutia mrinaji soko la kudumu.

Hoja ngumu zaidi ni ya wafugaji, wengi wao Wasukuma, waliokuja na ng'ombe kutafuta malisho. Haki ya mwenyeji isiwe fimbo ya kumfukuza mgeni. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji unaweza kuonyesha pa kuchungia, pa kulima na pa kutundika mizinga, mradi mfugaji awe amekaa mkutanoni ulipopangwa. Bila hati, hata aliyetangulia hana pa kushika. Ugalla ilipopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, sheria ya hifadhi za taifa haikumwachia mrinaji nafasi aliyokuwa nayo kwa kibali. Linganisha na Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, waliopata hati ya kimila ya pamoja mwaka 2011 wakisaidiwa na Ujamaa Community Resource Team, kisha wakaanza kulipwa kwa hewa ya ukaa inayotunzwa na miti yao kupitia Carbon Tanzania. Hati ilitangulia, malipo yakafuata. Vijiji vya Sikonge ambavyo mpango wake haujakamilika vinahitaji mpimaji na gharama za usajili kabla ya semina nyingine yoyote, na bajeti za wafadhili zianzie hapo.