Waarabu na Mateso ya Wayahudi

Je, Waarabu walikuwa na msimamo mmoja Wayahudi walipoangamizwa? La. Tarehe 28 Novemba 1941 Amin al-Husseini, aliyekuwa Mufti wa Yerusalemu, alikutana na Hitler mjini Berlin akitafuta ushirikiano naye. Katika mji huohuo Mohamed Helmy, tabibu Mwislamu kutoka Misri, alimficha Anna Boros, msichana wa Kiyahudi, tangu 1942 hadi vita vilipokwisha. Mwaka 2013 Yad Vashem ilimtukuza, Mwarabu wa kwanza kupewa heshima hiyo. Basi mhubiri asihukumu taifa zima kwa jina moja.

Swali la Luka 10 kuhusu jirani si geni kwetu Kashaulili: wengi walioikimbia Burundi mwaka 1972 walipewa makazi Katumba, karibu na Mpanda. Mgeni aliye mlangoni hudai uamuzi wa mwenye nyumba, si wa taifa lake.