Mgeni au Mtoto wa Nyumbani? Siku ya Mwanafunzi wa Kikorea katika Familia ya Seoul

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayepata ufadhili wa serikali ya Korea Kusini kwa masomo ya shahada kwa kawaida huanza na mwaka mmoja wa kujifunza lugha. Mwaka huo ukiisha anatakiwa awe amefikia angalau kiwango cha 3 katika TOPIK, mtihani wa umahiri wa Kikorea ulioanza mwaka 1997 na wenye viwango 6. Asipofikia, shahada aliyoifuata huingia mashakani. Wapo pia wanaokwenda kwa gharama zao, na hao huhesabu kila muhula kwa fedha. Kwa wote hao swali la mahali pa kulala ni swali la lugha vilevile. Wengi hukaa mabwenini, ambako mwenzako wa chumbani huenda akawa Mmongolia au Mvietinamu. Wachache hukaa na familia ya Kikorea, na makala haya yanakusudia kueleza siku yao inavyokwenda, kwa sababu ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi tunaofundisha na kujifunza Kiswahili hapa Uganda.

Kwanza tutofautishe. Karibu na vyuo vikuu vya Seoul kuna nyumba za zamani za aina iitwayo hasuk, ambamo mama mwenye nyumba hupangisha vyumba na kuwapikia wanafunzi asubuhi na jioni. Hiyo ni biashara, ingawa ina joto lake. Familia inayompokea mwanafunzi nyumbani kwake ni jambo jingine. Huko mwanafunzi anapewa chumba katika fleti ya watu, anavua viatu mlangoni kama wao, anakanyaga sakafu inayopashwa moto kutoka chini wakati wa baridi kali, na anakula walacho.

Siku huanza kwa salamu. Mwanafunzi akitoka chumbani huwauliza wakubwa, "Annyeonghi jumusyeosseoyo?" yaani, je, mmelala salama? (Natumia tahajia ya Kilatini iliyotangazwa na serikali ya Korea Kusini mwaka 2000.) Neno la kawaida la kulala ni jada, lakini mkubwa "halali" kwa neno hilo; yeye ana lake, jumusida. Kadhalika kula ni meokda, ila bibi wa nyumba anapokula husemwa japsusida, na chakula chake, badala ya kuitwa bap, huitwa jinji. Mwenzetu aliyekulia Buganda hatashangaa sana, kwani naye amezoea kumwambia mzee "Mwasuze mutya?" kwa wingi ingawa mzee ni mmoja. Tofauti ni kwamba Kikorea hukilazimisha kila kitenzi kutamka msemaji amesimama wapi mbele ya msikilizaji, hata katika kuomba chumvi.

Hapo ndipo ugumu wa kwanza unapojitokeza, na darasani hauonekani. Mama mwenyeji humuuliza mwanafunzi, "Bap meogeosseo?" Umekula? Anatumia namna ya mkato, ya mkubwa kwa mdogo au ya marafiki wa rika moja. Mwanafunzi akiiga alichosikia akamuuliza mama vivyo hivyo, ametia aibu. Lazima ageuze mwisho wa kitenzi, aseme "-yo". Sisi tuna mfano mzuri wa hali hiyo: mtoto wa Kiswahili husikia "Marahaba" mara mia kwa wiki, lakini haruhusiwi kumwambia mkubwa. Anajifunza kusema kinyume cha anachosikia. Kuiga peke yake hakutoshi. Yapasa ajue nafasi yake katika nyumba.

Kabla ya kutoka mwanafunzi husema "Danyeo ogetseumnida", maana yake "nitakwenda na kurudi", na jioni akiingia husema amekwenda na amerudi. Kuondoka kimya kimya si adabu.

Masomo yenyewe yanafanana karibu kila taasisi. Ile ya Chuo Kikuu cha Yonsei, iliyoanzishwa mwaka 1959, ni miongoni mwa zinazojulikana zaidi. Muhula wa kawaida ni wiki 10, siku 5 kwa wiki, saa 4 kwa siku, jumla saa 200. Kwa kawaida kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Herufi si tatizo. Hangul, alfabeti iliyotungwa katika enzi ya Mfalme Sejong na kutangazwa mwaka 1446, leo ina herufi 24 za msingi, na baada ya siku chache mwanafunzi anasoma vibao vya vituo vya treni, japo haelewi. Tatizo ni sarufi ya mwisho wa sentensi. Kiswahili huweka karibu kila kitu mwanzoni mwa kitenzi: ukisikia "sita-" umekwisha kujua ni nani, lini, na kwamba hatakwenda. Kikorea huweka kitenzi mwishoni, na mara nyingi ukanushi, wakati, swali na heshima vyote hubebwa na mkia wake. Msikilizaji wetu huchoka kungoja.

Na saa nazo! Mama akisema chakula ni "ilgop si", amesema saa saba kwa hesabu ya saa zao, yaani saa moja jioni kwa hesabu yetu. Tena Wakorea wana seti mbili za namba, moja ya asili na moja yenye asili ya Kichina: saa huhesabiwa kwa ile ya kwanza na dakika kwa ya pili. Saa tatu na nusu asubuhi ni "ahop si samsip bun", tisa ya Kikorea asilia na thelathini ya Kichina. Mwanafunzi wetu hufanya hesabu mbili kichwani kabla ya kujua kama amechelewa.

Meza ya jioni ndilo darasa kubwa. Kila mtu ana bakuli lake la wali na la supu. Vitoweo, pamoja na kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa chumvi na pilipili, huwekwa katikati. Mkubwa huanza kushika kijiko. Bakuli la wali haliinuliwi, na vijiti havisimamishwi ndani ya wali, kwani hivyo hukumbusha sadaka ya wafu. Kitu kutoka kwa mkubwa hupokewa kwa mikono miwili. Mwanafunzi Mwislamu anahitaji kujua mapema neno dwaejigogi, nyama ya nguruwe, na kueleza jambo lake siku ya kwanza, si wakati sahani imeshawekwa mbele yake. Msikiti Mkuu wa Seoul, uliofunguliwa mwaka 1976, uko Itaewon, na maduka ya nyama halali yako jirani.

Kuna furaha ya mpenda lugha mezani hapo. Mmea shambani ni byeo, punje iliyokobolewa ni ssal, iliyopikwa ni bap. Mpunga, mchele, wali! Mwanafunzi anayejifunzia Kikorea kwenye kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza hupewa neno moja kwa vitu vitatu; mjuzi wa Kiswahili ana rafu tatu tayari. Bap pia ni chakula kwa jumla, kama emmere ya Waganda.

Kisha kuna majina ya kuitana. Karibu swali la kwanza litakuwa mwaka wa kuzaliwa, na si udadisi: bila umri hawajui wakuite nini. (Tangu 28 Juni 2023 sheria huhesabu umri kwa namna ya kimataifa, ingawa hesabu ya zamani, ya mtoto kuzaliwa na mwaka mmoja, bado husikika majumbani.) Msichana humwita kaka mkubwa oppa na dada mkubwa eonni, mvulana husema hyeong na nuna. Jina hutegemea jinsia ya anayeita, kama vile katika Luganda mwannyinaze ni wa jinsia nyingine, na kama neno letu umbu, ambalo vijana wamelisahau. Baada ya muda mwanafunzi huacha kusema "nyumba yenu" akasema uri jip, "kwetu". Mkorea hata akiwa mtoto wa pekee husema "mama yetu".

Sasa tufike kwenye kiini. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Familia nyingi kwa ukarimu humwacha mwanafunzi abaki mgeni: haoshi vyombo, haambiwi "leta", na watoto wa shule humgeuza mwalimu wao wa Kiingereza. Kwa Mganda anayekijua Kiingereza vizuri, mtego huo ni mkubwa. Wiki 10 huisha akiwa ameishi Seoul kwa Kiingereza. Aliyepewa jembe hupata lugha nyingine kabisa. Katika kimjang, desturi ya kutengeneza kimchi ya baridi kali ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2013, anapewa glavu na kuambiwa paka, kunja, ongeza, si hivyo, panga. Anakemewa pia, na kukemewa ni somo ambalo hakuna mwalimu anayelipwa ada atakayelitoa.

Kwetu Uganda Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, lakini wanafunzi wetu wengi hukisikia darasani tu, kisha wanarudi kwenye Luganda, Runyankole au Kiingereza. Kuna wageni wanaojifunza Kiswahili Zanzibar huku wakiishi na familia za huko. Idara yetu ikipeleka wanafunzi pwani, naona ingefaa ifanye hivyo, kwa masharti mawili. Wasiende mapema mno: anayeanza kabisa huwalazimisha wenyeji kutafuta lugha nyingine, hivyo muhula wa pili ni bora kuliko wa kwanza. Na mapatano na familia yasitaje malipo na chakula pekee, yataje kazi: kwenda sokoni na mama, kukuna nazi, kupokea wageni wanaopiga hodi. Usiku wa kwanza mwanafunzi aulize amwite nani shangazi na nani bibi, na kesho yake asubuhi zamu yake ni ipi.