Ungwana Kabla ya Lamu: Hesabu ya Saa Chache

Msafiri wa meli ya kitalii itiayo nanga Kilindini hulijua jambo moja kabla ya kuteremka, nalo ni saa ya kung'oa nanga. Meli haimngojei aliyechelewa Ngome ya Yesu. Nasi wa Garsen tuendao Lamu kwa Maulidi, yatupasa tuwe na hesabu hiyo hiyo.

Mwaka mmoja nilikodi gari ili, njiani, aila yangu iuone mji wa kale wa Ungwana, karibu na Kipini, pale mto Tana umwagikapo baharini. Tuliyaona magofu ya msikiti wa jamii, na mwanangu akauliza ni akina nani waliokuwa wakisali pale. Swali lile lilinipendeza hata nikasahau saa. Tulipofika Mokowe jua limekwisha kuchwa, na boti ya kutuvusha hatukuipata. Mama yangu mzee alilala garini. Hakunilaumu, kimya chake kilinitosha.

Basi, hesabuni kwa kurudi nyuma. Anzeni na saa ya boti; toeni mwendo wa gari, sala na chakula, kisha toeni saa nzima ya dharura. Kilichobaki ndicho cha matembezi. Chagueni mahali pamoja, si patatu. Patanani na dereva nauli na saa ya kuondoka kabla ya kupanda. Msimu wa mvua, ulizeni kwanza hali ya njia ya Kipini.

Msafiri ana rukhsa ya kupunguza sala. Hana rukhsa ya kuwasahau alio nao. Wabillahi tawfiq.