Haki za Mtoto Aliyezaliwa Nje ya Ndoa Nchini Kenya

Mwaka 1969 Bunge la Kenya lilifuta sheria iliyomwezesha mama asiyeolewa kumdai baba wa mtoto wake fedha za matunzo, na kwa miongo mingi mzigo wa malezi ukabaki mabegani mwa mama, kwani hata Sheria ya Watoto ya 2001 ilimpa baba huyo wajibu kwa masharti tu. Hali hiyo ilibadilishwa na Katiba ya 2010, ambayo Kifungu chake cha 53 kinatamka kuwa baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana, msimamo uliofuatwa na Sheria ya Watoto ya 2022.

Baba anapomkana mtoto, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba, yaani chembe za urithi ambazo mtoto huzipata kwa wazazi wake. Ubaba ukishathibitika, yapo mambo mawili ya kutofautishwa: matunzo, yaani gharama za chakula, mavazi, makazi, matibabu na elimu, ambazo hukadiriwa kwa kuzingatia uwezo wa kila mzazi, na ulezi, yaani haki ya kukaa na mtoto na kumwongoza kila siku. Mzazi asiyeishi na mtoto haondokewi na wajibu wa kumlisha, wala anayetoa fedha hapati kwa hilo pekee haki ya kumchukua, kwa kuwa kinachotangulia yote ni maslahi ya mtoto, ambaye hakuchagua mazingira ya kuzaliwa kwake na hastahili kuadhibiwa kwayo.