Simu ya Ughaibuni, Waranti ya Wapi?

Kila mwisho wa mwezi kuna mwenzetu anayetoka Ruwi au Deira na boksi la simu mkononi, na sehemu kubwa ya mshahara imebaki dukani. Hatumlaumu. Simu kwetu si anasa: humo ndimo tunamotumia hela nyumbani, humo ndimo tunawaona watoto, na mambo yakiharibika kazini ndiyo njia ya kuomba msaada. Ila kuna swali ambalo wengi hawaulizi kabla ya kulipa: hii simu ikiharibika, nani ataitengeneza, na katika nchi gani?

Waranti haisafiri na simu

Waranti ni ahadi ya kampuni kwamba simu ikiwa na kasoro ya kiwandani, itatengenezwa bure ndani ya muda fulani, mara nyingi mwaka mmoja. Ahadi hiyo ina mipaka ya nchi. Samsung kwa kawaida wanaihudumia bure simu katika nchi au ukanda ilikouzwa. Apple nao, kwenye masharti yao, wamejiwekea haki ya kuihudumia iPhone kwa waranti katika nchi ilikouzwa tu.

Tuseme simu hapa Muscat ni riyali 60, na Dar ingepatikana kwa pesa sawa na riyali 68. Unaona umeokoa riyali 8, unampa mtu anayesafiri ampelekee mama. Mwezi wa tatu simu inajizima. Kituo cha Dar wanaangalia namba ya IMEI, wanasema si ya soko lao, matengenezo ni ya kulipia. Zile riyali 8 zimekwenda, na nyingine juu yake.

Kwa hiyo, simu ya kutumia wewe, inunue hapa ulipo. Simu ya mzazi au mtoto, mara nyingi ni nafuu kutuma hela ikanunuliwa kule, kwa wakala rasmi, risiti ikiwa na jina lake. Tecno, Infinix na itel, kwa mfano, zinahudumiwa na Carlcare, ambao wana vituo Kenya na Tanzania.

Ukiamua kutuma iPhone, angalia pia laini. Zinazouzwa Marekani tangu iPhone 14, na iPhone 17 za nchi za Ghuba, hazina tundu la kadi ya laini, zinatumia eSIM tu. Uliza kwanza kama mtandao wa nyumbani unaitoa.

Kabla hujatoa hela

1. Uliza: "Waranti ni ya kampuni au ya duka?" Ya duka inaisha siku duka likifungwa.
2. Bonyeza *#06#. Itatokea IMEI, namba yenye tarakimu 15. Lazima ifanane na ya kwenye boksi na kwenye risiti.
3. Kama simu inakwenda Tanzania, mtumie ndugu yako hiyo IMEI, aitume kwa SMS kwenda 15090 aone kama ni halali. Juni 2016 TCRA ilizifungia simu feki, na aliyekuwa nayo alibaki na saa ya mezani.
4. Piga picha risiti siku hiyohiyo. Karatasi za mashine hufifia, baada ya miezi michache huoni kitu.

Dada zetu wa majumbani, hili ni lenu: kama madam amekununulia simu na anakata kwenye mshahara, omba risiti au hata picha yake, na uandike kila mwezi amekata kiasi gani. Bila risiti ni vigumu kudai waranti, na siku unaondoka ni vigumu kuonyesha kwamba simu ni yako.

Mlioko Uingereza mna nguvu zaidi. Sheria ya haki za mlaji ya 2015 inakupa siku 30 za kurudisha simu yenye kasoro na kudai hela yako yote, na anayewajibika ni duka lililokuuzia.

Waranti isichogusa

Kioo kilichopasuka na simu iliyoingia maji kwa kawaida havimo, hata kama tangazo lilisema simu haiogopi maji. Ndani kuna alama inayobadilika rangi ikilowa, na fundi wa kituo ataiona. Na ukianza kwa fundi wa kichochoroni akaifungua, kituo rasmi kinaweza kukataa. Anza kituoni, hata kama ni kusubiri siku ya ofu.

Siku ya kuipeleka

Hifadhi picha na namba zako kwanza. Toa laini. Kwenye iPhone, uliza kwanza kituoni kama unahitaji kuzima Find My. Samsung nyingi mpya zina hali ya matengenezo, fundi anajaribu simu bila kuona picha wala meseji zako. PIN ya M-Pesa au ya benki usimpe mtu yeyote, hakuna matengenezo yanayoihitaji. Usiondoke bila karatasi yenye IMEI, tatizo ulilolieleza na tarehe ya kuchukua.

Wakikwambia ni ya kulipia, uliza bei kabla hawajaanza. Ikikaribia nusu ya bei ya simu mpya, chukua simu yako, nenda ukapige hesabu. Mwenye haraka ni wao.