Buibui Hunusa kwa Miguu
Mama wa Cibitoke, hapa Bujumbura, amwonapo buibui ukutani hutwaa ufagio, kwa kuiogopa sumu. Karibu buibui wote wanayo, lakini wachache tu humdhuru mtu. Kiumbe huyu hana pua. Hunusa kwa vinyweleo, hasa vya miguuni.

Kandokando ya Ziwa Victoria, nchini Kenya na Uganda, yuko buibui mdogo arukaye, Evarcha culicivora, apendaye kumla mbu aliyekwisha kunyonya damu. Mwaka 2011 wataalamu walieleza kuwa soksi zilizovaliwa zilimvuta kuliko soksi safi. Kumbe harufu yetu imwitayo mbu humwita na adui wake!

Basi tusiwaue buibui ovyo. Lakini chandarua kisiachwe: malaria haingoji.