Kibao Kinachoidanganya Fizikia

Gemu ya kuvunja matofali haihitaji utambulisho. Kinachoudhi ni kuiita ya kitoto. Atari walipoitoa Breakout mwaka 1976 haikuwa na prosesa wala mstari mmoja wa programu: ni saketi tupu, na rangi za matofali zilikuwa vipande vya plastiki vilivyobandikwa juu ya kioo cheusi na cheupe.

Utamu wake uko kwenye kibao anachosogeza mchezaji ili kuurudisha mpira. Darasani tulikaririshwa kwamba pembe ya kuingia ni sawa na pembe ya kutoka. Kibao kikiitii kanuni hiyo, mpira unajiendea tu na mchezaji hana pa kuuelekeza. Basi mtengenezaji anadanganya. Anapima mpira umegonga umbali gani kutoka katikati ya kibao, anagawanya kwa nusu ya upana wake, anapata namba kati ya hasi 1 na 1, kisha anazidisha kwa nyuzi 60, tuseme. Ukigonga katikati unapanda wima. Ukigonga ukingoni unachomoka kwa mshazari. Mistari mitatu tu ya msimbo, na gemu nzima imeshikiliwa hapo.

Mkorofi mwingine ni mwendo. Kioo kwa kawaida huchorwa upya mara 60 kwa sekunde. Mpira wa piseli 6 ukikimbia piseli 1,800 kwa sekunde, katika kila mchoro unaruka piseli 30, na tofali la kimo cha piseli 20 linaweza kupitwa bila kuguswa. Dawa ni kuikata hatua hiyo vipande vidogo na kukagua kila kimoja.

Kijana wa kijiji kama Simbo anayetaka kutengeneza gemu yake halazimiki kuanza na ukurasa mtupu. LBreakout2 ni programu huria yenye leseni ya GPL: ruksa kuifungua, kuibadili na kuigawa, ilimradi unayempa naye apate msimbo. Hatua za gemu hiyo ni faili za maandishi, herufi zikisimamia matofali, kwa hiyo anaweza kupanga ukuta usomeke jina la kijiji chake. Inahamishika kwa flashi, bila bando, na inaenda kwenye kompyuta zile tunazoziita mikweche na kuzirundika stoo, huku wanafunzi wakinakili ubaoni maana ya "kipanya".

Matumizi? Hisabati ya pembe, vekta, kutafsiri menyu, hata akili unde: programu ya kampuni ya DeepMind iliyojifunza Breakout iligundua yenyewe kutoboa ukuta pembeni na kuupeleka mpira nyuma ya matofali.